Sifa za Gari la Kwenda Mhonda

Kijiji cha Misheni, Bagamoyo,
tarehe 15 Juni, 1886.

Mpendwa kaka yangu Raymundi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako mwenyewe, wewe na wifi Eufrazia na watoto, na mama yetu kabla ya wote. Kifua chake kinasemaje katika baridi hii? Na macho, bado anamtambua mtu akisimama mlangoni, au sasa anamtambua kwa sauti tu? Nijibu kweli, usinifiche kwa kuwa niko mbali.

Sisi huku hatujambo. Katarina wangu anakaa mwenyewe sasa. Ameota meno mawili ya chini, na nikimnyonyesha huniuma halafu hunitazama usoni kuona kama nitalia. Homa ilimshika wakati wa masika, ikamwacha. Polikarpo hajambo, ila mgongo. Mhogo umepona, mtama wameula ndege.

Martini, wewe unayemsomea kaka barua hii, salamu zako ziko mwishoni, usikimbilie huko. Nakuomba usome polepole, na ukifika penye neno sifa usimame kidogo, maana hilo ndilo lililotutesa nyumbani mwetu toka Pasaka.

Kaka, jua kwamba ulikuwa umepata adui bila kujua, naye ni shemeji yako Polikarpo. Sasa yamekwisha, ndiyo maana naweza kukuandikia. Lakini nianze mwanzo, kwa sababu mwisho wake unahitaji msaada wako.

Unakumbuka mwaka jana, wakati kama huu, alivyoingia kwenu akiwa amebeba gurudumu kichwani. Gari lenyewe alikuwa ameliacha porini chini ya milima, na mizigo mkaenda kuichukua ninyi. Sidhani kama aliwaeleza vizuri yaliyompata, maana ana haya. Alitoka hapa na vibuyu vya mafuta ya nazi. Huku pwani mafuta ni mafuta ya nazi, tunapikia, tunajipaka, tunawashia taa, basi hakuna aliyefikiri kwamba gari lingeyakataa. Kule bondeni jua la mchana liliyafanya mepesi kama maji, yakatiririka yote mchangani. Kila walipopumzisha punda, Polikarpo alitia mengine. Walipokaribia milima wakalala, na asubuhi alipoinamisha kibuyu atie tena, hakikutoka kitu. Yalikuwa yameganda humo ndani kama nta. Wenzake wakamhimiza, jua litatukuta hapa, twende. Akaondoka gari likiwa kavu. Kabla jua halijapanda, ule mti unaopita katikati ya magurudumu, mhimili tunavyouita huku, ukaanza kutoa moshi, na kitovu cha gurudumu kikapasuka.

Watu wa pwani unawajua. Mpaka leo Polikarpo akipita sokoni hakosi mtu wa kumwuliza, "Bwana Polikarpo, siku ile punda alikuwa nani?" Yeye hucheka nao, halafu akirudi nyumbani hali chakula.

Sasa mwaka huu kuna kinu cha chuma cha kukamulia miwa kinachotakiwa kuja huko kwenu. Hakigawanyiki, wala hakuna mpagazi mwenye kichwa cha kukibeba. Lazima kije kwa gari. Bruda wa karakana ametengeneza vitovu vipya, amevivika chuma kwa ndani, na mhimili nao umevikwa chuma. Padre akamwambia Polikarpo, ukikifikisha salama utakaa huko huko ukiendeshe, wewe na mkeo na mtoto.

Kaka, niliposikia neno hilo moyo wangu ulianza kufunga mizigo kabla ya mikono. Kuja kwa miguu na mtoto mgongoni siwezi, na Polikarpo haniruhusu. Nikilikosa gari hili sijui jingine litatoka lini, na mama hajamwona mjukuu wake. Nataka amwone kwa macho. Sitaki aje aambiwe tu amefanana na nani.

Kilichobaki kilikuwa mafuta. Bruda alisema shahamu, mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, kwa sababu ni mazito na mzigo ni mzito. Saleh mwenye duka, yule wa karibu na forodha, akasema uto wa ufuta, kwa sababu hauvundi. Polikarpo akawa anawasikiliza wote, kila mmoja anamwona ana haki. Hapo ndipo nilipokukumbuka. Nikajua wewe umefanya kazi na mafundi wa mashua hapa pwani kabla ya kwenda huko, na baridi ya huko unaijua kwa mgongo wako. Nikamtuma Rehani, yule mpagazi wa Kinyamwezi, akuulize: gari lipakwe nini lisisimame?

Rehani alirudi baada ya Pasaka. Ni mtu mwema, hasahau neno wala haongezi neno, ila bahari kwake ni maji mengi tu. Alisimama mlangoni, Polikarpo yuko chini anakula, akasema kama ulivyomtuma:

"Raymundi anasema, lipeni gari sifa. Tena sifa nyingi, wala msijali majirani watasema nini."

Polikarpo akaweka tonge chini. "Sifa?"

"Sifa."

"Gari?"

"Ndiyo, gari. Kasema hata njiani, kila mkipumzika, lipeni tena. Na mkianza kupanda mlima, mzidishe."

Kaka, usimlaumu Polikarpo. Sisi watu wa mashamba ya misheni kile kitu tunakiita mafuta ya papa basi, tena tunakitaja kwa mbali huku tumeziba pua. Polikarpo kwao bara, na mimi pwani yangu ni ya shambani. Neno lako lile la mafundi wa mashua hatukuwa tumelisikia. Sisi sifa tunayoijua ni ile ya kumsifu Mungu, na ya kumsifu bibi arusi.

Basi Polikarpo akaona unamkebehi. Akasema, "Kaka yako nilimwachia gari porini, sasa anataka nilisimamie uwanjani nilisifu, watu wapate kucheka vizuri." Nikamwambia kaka si mtu wa namna hiyo. Akasema, "Si wewe uliyemsikia? Majirani wenyewe kawataja." Akakataa kabisa. Akasema atakwenda kumwambia Padre kinu apewe mwingine. Kila asubuhi nikawa namwomba, ngoja kidogo, baba Katarina, kesho utakwenda kumwambia. Na kila alipopiga nyundo uani alikuwa anakutukana. Sitaandika alivyokutukana, Martini asije akaona aibu kusoma.

Mimi kwa upande wangu nikafikiri, labda huko milimani ndiyo desturi. Watu wa huko wana miiko yao, labda gari nalo wanalifanyia maneno kabla halijatoka. Na kama ni maneno tu, hayana gharama. Basi asubuhi moja Polikarpo alipokwenda kisimani nilimfunga Katarina mgongoni, nikaenda nyuma ya karakana, nikaliambia lile gari: wewe gari ni zuri, una magurudumu ya mviringo sana, punda wanakupenda, utafika Mhonda bila kuchoka. Nikaona ni kidogo, nawe ulisema nyingi, nikaongeza na kigelegele. Nilipogeuka Polikarpo amesimama na ndoo zake.

Aliweka ndoo chini akaondoka. Siku ile nilijua safari imekufa.

Ilifufuka kwa Mardhiya. Huyu ni mke wa fundi Kitwana anayetengeneza mashua kule pwani, ni Mwislamu lakini ni dada yangu kwa mambo yote ya mtoto, ndiye aliyenifundisha kumkanda tumbo. Nilikwenda kumrudishia mchi wake. Nikamkuta amesimama mlangoni amekunja mikono, na Kitwana nje ameshika mtungi.

"Baba Mina," Mardhiya anasema, "sifa zako ziishie huko huko. Mlangoni mwangu hazipiti!"

"Ndizo zinazokulisha hizi."

"Zinanilisha, sawa. Lakini hazinilazi."

Nikafikiri ni ugomvi wa mtu na mkewe, mume kajivuna. Nikamwambia, "Dada, mwache naye ajisifu kidogo, amefanya kazi."

Mardhiya akanitazama kama niliyepotewa na akili. "Ajisifu nini? We Marselina, huna pua?"

Hapo upepo ukageuka, nikanusa. Papa! Papa aliyelala juani siku nyingi. Nikauliza, "Hiyo ndiyo inaitwa sifa?" Kitwana akasema, "Ndiyo hii, mafuta ya maini ya papa. Tunazipaka mbao za mashua, zisipasuke na zisinywe maji. Kwani ninyi huko misheni mna sifa gani?"

Kaka, nilicheka mpaka Katarina akaanza kulia mgongoni. Kitwana akanimiminia kidogo katika kifuu cha nazi, nikakimbia nacho nyumbani. Polikarpo alikuwa amekaa anashona hatamu. Nikamsogezea kifuu puani.

"Shemeji yako anakutumia hii."

Akarudisha kichwa nyuma. "Nini hii?"

"Sifa."

Akakinusa tena.

"Tena nyingi," nikamwambia. "Wala usijali majirani watasema nini."

Akakitazama kile kifuu, akatia kidole, akakisugua kwa kidole cha pili, akakiona kinavyoteleza. Kisha akauliza polepole, "Nimemtukana mwezi mzima?"

"Mwezi mzima na zaidi."

"Kwa sauti?"

"Hata Bruda alisikia."

Ndipo akacheka, kaka. Sijamsikia akicheka hivyo toka siku ya gurudumu. Anakuomba radhi. Hakuniambia nikuandikie hivyo, lakini alisimama hapa mlangoni akaniuliza kama nimekwisha andika jambo lile, nikajua ni jambo lipi.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, na hapa Martini asome polepole zaidi.

Hatukupaka tu kwa kuwa umesema. Asubuhi hizi za kipupwe huku nako kuna baridi kidogo, si kama yenu, lakini inatosha kujaribia. Tuliweka vifuu uani, kimoja kina mafuta ya nazi, kimoja shahamu, kimoja ufuta, kimoja sifa, vikalala nje. Alfajiri tukavitazama. Mafuta ya nazi yalikuwa meupe, ukiinamisha hayatembei. Shahamu ilikuwa ngumu, unaikata kwa kisu. Ufuta ulikuwa haujabadilika, na sifa nayo ilimiminika kama jana. Mchana tukaviweka juani juu ya jiwe. Nazi ikawa maji. Sifa nayo ikawa nyepesi mno, ukiipaka kwenye chuma inachuruzika, haikai. Ufuta vivyo hivyo, tena bei yake kwa Saleh hatuiwezi. Shahamu peke yake ililainika bila kukimbia.

Basi tukaona kosa la mafuta ya nazi. Si kwamba ni mabaya, ila yanageuka haraka kuliko safari inavyogeuka. Mchana yanakimbia, alfajiri yanakataa. Shahamu ni ya bondeni. Sifa ni ya mlimani. Na gari letu linapita kote kuwili.

Nilipomweleza Kitwana akasema hata wao hawaitumii sifa peke yake kila mahali. Chini ya mashua huchanganya na shahamu ili ishike. Polikarpo akachanganya hivyo. Toka hapa mpaka tuvuke Mto Wami, shahamu itakuwa nyingi na sifa kidogo, kiasi cha kuilainisha tu. Tukipita Mandera, nusu kwa nusu. Tukiiona milima yenu na asubuhi zikaanza kuuma, sifa nyingi na shahamu kidogo ya kuishikisha. Amelizungusha gari na mzigo wa mawe shambani, kwenye mchanga na kwenye tope la mtoni, asubuhi na jua kali, na kitovu hakikupata moto. Mimi mwenyewe nilikigusa kwa kiganja.

Jambo jingine alilojifunza ni mchanga. Mafuta yakichanganyika na mchanga wa njiani husaga chuma kama jiwe la kunolea. Kwa hiyo kila wakipumzika, kwanza avue gurudumu, apanguse mafuta ya zamani kwa kitambaa, ndipo atie mapya. Mwaka jana alikuwa anaongeza juu ya uchafu. Nimempasulia kanga yangu ya zamani iwe vitambaa.

Ubaya wa sifa nao tumeukubali. Inanuka. Inanuka hata baada ya kuoga. Punda siku ya kwanza walikataa kufungwa, sasa wamezoea kuliko sisi. Mbwa wa kijiji kizima wanalifuata gari, na Polikarpo anasema porini fisi watafanya hivyohivyo, kwa hiyo vibuyu vitafungwa mdomo kwa ngozi na kutundikwa mtini mbali na tunapolala. Vibuyu vya sifa tumevifunga ukumbuu wa kitambaa cheusi shingoni, mtu asije akakosea akapikia.

Sasa ninalokuomba. Kwanza, utuambie asubuhi za huko mwezi ujao zinakuwaje. Weka shahamu kidogo katika kifuu nje ya nyumba yako, alfajiri uitazame, ukichoma kidole kinaingia au hakiingii. Tukijua hilo tutajua tuchanganye vipi kwa siku za mwisho. Pili, pale chini ya mlima gari liliposimama mwaka jana, kama unaweza uje utungoje na vijana wawili watatu wa kusukuma. Polikarpo hatakuomba. Ninakuomba mimi. Hapaogopi kwa sababu ya mlima, anapaogopa kwa sababu ya mahali penyewe, na akikuona umesimama pale hatakuwa peke yake.

Jibu lako, nakusihi, usimpe mtu kinywani. Mwambie Martini aandike, na kitu cha mafuta akiite mafuta.

Tunaondoka baada ya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Jana Polikarpo alifunga ubao nyuma ya kinu, akaweka mto wa sufi juu yake. Nikamwuliza wa nini. Akasema, "Wa mama Katarina, au atakwenda kwa miguu?" Kisha akaenda zake kana kwamba hakusema kitu. Kaka, tunakuja.

Nisalimie wifi Eufrazia, mwambie dengu alizoniagiza zimo katika mzigo. Nisalimie watoto kila mmoja kwa jina lake. Martini, ahsante kwa macho yako, Mungu akuongezee. Rehani akipita huko mpeni chakula cha kushiba, hakukosea kitu, alileta neno lako zima zima kama lilivyotoka. Mardhiya na Kitwana wanakusalimu, na Kitwana anasema ukihitaji sifa zaidi zipo nyumbani kwake mpaka mkewe atakapomfukuza.

Na mama mwambie hivi, umwambie karibu na sikio. Asiwe na wasiwasi na macho yake. Akikaa mlangoni siku moja, upepo ukamletea harufu ya papa aliyeoza huko milimani pasipo bahari, asiulize ni nani. Ni mimi. Anyooshe mikono tu, nitamwekea mtoto.

Mungu awape usiku mwema na asubuhi isiyouma, awatunze mpaka tutakapoonana.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Marselina, mama Katarina.